Njombe 12.7: ramani ya VVU tunayosambaziana si ramani ya maambukizi mapya

Desemba Mosi, Siku ya UKIMWI Duniani, ikikaribia, ramani ile ile hurudi kwenye magrupu ya WhatsApp. Tanzania imepakwa rangi, Nyanda za Juu Kusini zimeiva nyekundu, Kigoma na Manyara zimepauka, na chini yake mtu ameandika kwamba ukienda Njombe ujiangalie. Namba zenyewe hazijabuniwa. Utafiti wa kitaifa wa 2022-23 uliipa Njombe asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6. Mkiani kwa Tanzania Bara ukaweka Kigoma 1.7, Manyara 1.8 na Lindi 2.6. Utafiti uliotangulia, wa 2016-17, uliikuta Njombe kwenye 11.4. Basi msomaji anapiga hesabu ya haraka, 11.4 hadi 12.7, na anahitimisha kwamba Njombe watu wanaambukizana zaidi kuliko zamani.

Hitimisho hilo halitoki kwenye namba hizo. Huenda ni kweli, huenda ni kinyume chake kabisa, na namba mbili hizo peke yake haziwezi kuamua.

Shida inaanzia kwenye maneno. Taarifa rasmi zina neno "ushamiri", yaani watu wangapi kati ya mia walikuwa wanaishi na VVU siku damu ilipochukuliwa, awe aliambukizwa wiki iliyopita au mwaka 1998. "Maambukizi mapya" ni hesabu nyingine: kati ya wale ambao hawakuwa na VVU mwaka ulipoanza, wangapi wamevipata kabla haujaisha. Redioni na magazetini vyote viwili huitwa "kiwango cha maambukizi", na msikilizaji anaachwa ajichagulie maana.

Tuchukue kata ya kubuni yenye watu wazima 10,000, kati yao 1,000 wana VVU. Ushamiri ni asilimia 10. Mwaka huo wanaambukizwa watu 60. Kama hakuna dawa na wanafariki 100, mwisho wa mwaka wamebaki 960: ushamiri umeshuka. Kama dawa zipo na wanafariki 20 tu, wamefika 1,040: ushamiri umepanda. Wapya ni 60 pande zote mbili. Na tuseme kata yenye dawa imefanya kazi nzuri, wapya wakashuka kutoka 60 hadi 40. Bado hesabu ni 1,020, ushamiri bado unapanda, na diwani bado anaulizwa kwa nini kata yake "inaongoza".

Kwa hiyo ushamiri unaoshuka unaweza kuwa habari ya misiba, na unaopanda unaweza kuwa habari ya watu kuendelea kuishi. Kujua ni ipi, lazima utafute kitu kingine cha kusimama nacho. Kagera ndiyo shule nzuri kuliko zote tulizonazo kwa jambo hili.

Wagonjwa 3 wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Wenyeji waliuita ugonjwa Juliana, jina lililotokana na nguo za mtindo zilizokuwa zikiletwa kibiashara kutoka Uganda. Mwaka 1987 watafiti walipima damu za watu wazima mkoa mzima. Wastani wa mkoa ulitoka asilimia 9.6, lakini wastani huo haukuwa na mwenyewe. Bukoba Mjini ilikuwa 24.2, Muleba 10.0, Karagwe 4.5, na upande wa Biharamulo na Ngara 0.4. Mkoa mmoja, na ndani yake tofauti ya mara 60. Anayepaka mkoa mzima rangi moja anafuta habari yote iliyokuwa na maana, na kosa hilo tunalirudia hadi leo kila tunapoongea "Mbeya" au "Dar" kana kwamba ni kijiji kimoja.

Miaka ikaenda. Bukoba Mjini ilishuka hadi 18.3 mwaka 1993, kisha 13.3 mwaka 1996. Muleba ilishuka kutoka 10.0 hadi 6.8 mwaka 1996 na 4.3 mwaka 1999. Karagwe ilifika 2.6 mwaka huo huo wa 1999. Dawa za kufubaza virusi zilikuwa bado kuanza kutolewa bure kwenye vituo vya umma. Hilo lilikuja mwaka 2004. Mtu yeyote aliyeishi Bukoba miaka hiyo anajua mazishi yalivyokuwa, kwa hiyo swali la kwanza lilikuwa la haki: je, namba inashuka kwa sababu watu wameacha kuambukizana, au kwa sababu wenye virusi wanazikwa?

Jibu lilipatikana kwa sababu watafiti hawakuishia kuhesabu wenye VVU. Waliwaandika wasio navyo, wakawafuata, wakawapima tena. Bukoba Mjini mwaka 1989 maambukizi mapya yalikuwa 47.5 kwa kila miaka 1,000 ya ufuatiliaji, yaani ukiwafuata watu 1,000 wasio na VVU kwa mwaka mmoja, 47 au 48 wanavipata. Kufikia 1996 yalikuwa 9.1. Muleba yalitoka 8.2 hadi 3.9. Vifo vilikuwepo na vilichangia kushusha ushamiri, lakini chini yake kulikuwa na mabadiliko ya kweli. Dalili nyingine iliyothibitisha hilo ni umri: ushamiri uliporomoka kwa wasichana wa miaka 15 hadi 24. Msichana wa miaka 18 mwenye VVU, kama hakuzaliwa navyo, amevipata miaka michache tu iliyopita, na bado si umri wa kufa kwa UKIMWI. Vijana ni saa ya ukutani inayokaribia wakati halisi. Watu wa miaka 45 ni kalenda ya zamani.

Vuka mpaka wa Mutukula uingie upande wa Rakai, Uganda, miaka 20 na kitu baadaye, uone sura ya pili. Kwenye mialo minne ya wavuvi ya Ziwa Victoria, watafiti wa Rakai waliwafuatilia watu kati ya 2011 na 2017. Watu wenye VVU waliokuwa wakitumia dawa walipanda kutoka asilimia 16 hadi 82. Wanaume waliotahiriwa walipanda kutoka asilimia 35 hadi 65. Maambukizi mapya yalishuka kutoka 3.43 hadi 1.59 kwa kila miaka 100 ya ufuatiliaji, chini ya nusu ya yalivyokuwa. Na ushamiri? Ulitoka kama asilimia 41 hadi 37. Ukiwa na ramani ya ushamiri pekee ungesema mialo hiyo haijabadilika, bado ni "hatari" ile ile. Kumbe ndani ya miaka kama 6 uambukizo ulikuwa umekatika zaidi ya nusu, na wenye virusi walikuwa hai, wanavua, wanalea.

Tukirudi Njombe, tofauti ni kwamba huko hatuna kundi la namna hiyo lililofuatwa kwa miaka. Tuna utafiti wa kaya, na utafiti wa kaya unabisha hodi mara moja tu. Mdadisi anafika, anauliza, anachukua damu, anaondoka. Unajuaje kwa damu ya siku moja kama mtu ameambukizwa majuzi?

Hapo maabara inatumia kipimo kinachoitwa LAg. Kingamwili za mtu aliyeambukizwa karibuni hushika kirusi kwa ulegevu. Miezi ikipita, mshiko unakaza. Kipimo hupima nguvu ya mshiko huo. Sampuli zilizokutwa na VVU zinapitishwa, na inayotoa alama 1.5 au pungufu inatengwa kama ya uambukizo wa karibuni. Haiishii hapo. Inaangaliwa wingi wa virusi: ukiwa chini ya nakala 1,000 kwa mililita, sampuli inaondolewa. Halafu inatafutwa alama ya ARV, yaani dawa za kufubaza virusi, kwenye damu: ikionekana, inaondolewa pia. Sababu ni kwamba virusi vikishafubazwa, kingamwili nazo hulegea, na mtu aliyeishi na VVU miaka 10 anafanana na wa jana. Bila vichujio hivyo viwili, mkoa wenye huduma bora ya dawa ndio ungeonekana una maambukizi mapya mengi kuliko yote. Kuna pia watu wachache ambao miili yao huvidhibiti virusi bila dawa yoyote. Nao hunaswa na kichujio cha wingi wa virusi.

Dirisha la kipimo hiki ni siku 130 kwa wastani, yaani mtu anaonekana "wa karibuni" kwa kama miezi minne na kidogo, kisha anajiunga na wa zamani. Sasa fanya hesabu mwenyewe. Utafiti wa 2022-23 ulikadiria kwamba kwa mwaka asilimia 0.18 ya watu wazima wasio na VVU wanaambukizwa, sawa na watu kama 60,000. Chukua watu 30,000 wasio na VVU waliopimwa. Zidisha kwa 0.0018, halafu kwa 130 gawanya kwa 365. Unapata 19.

Watu 19, nchi nzima. Mikoa ni 31 ukihesabu na ya Zanzibar. Hata mmoja kwa mkoa hatoshi. Mmoja akipatikana Songwe na Rukwa akakosekana, hiyo ni bahati nasibu, haina cha kueleza kuhusu Songwe wala Rukwa. Ndiyo maana utafiti wa namna hii hutoa maambukizi mapya kwa nchi, na kwa jinsia: wanawake asilimia 0.24, wanaume 0.11. Kwa mkoa hautoi. Ukiletewa jedwali la maambukizi mapya mkoa kwa mkoa likidai limetoka moja kwa moja kwenye damu za utafiti wa kaya, liache lilivyo.

Hata ushamiri wenyewe, ambao una watu wengi zaidi wa kuhesabu, unayumba ukishashuka ngazi ya mkoa. Lindi ni mfano unaostahili kubandikwa ukutani. Mwaka 2011-12 ilikuwa asilimia 2.9. Mwaka 2016-17 ikawa 0.3. Mwaka 2022-23 ikawa 2.6. Anayeanzia namba ya katikati anaandika kwamba VVU Lindi vimeongezeka karibu mara 9 ndani ya miaka 6, na kichwa cha habari kinatisha kweli. Anayeweka zote tatu pembeni kwa pembeni anaona kwamba isiyokaa vizuri ni hiyo ya katikati. Mkoani hupimwa watu wa maeneo machache ya kuhesabia, na VVU havijatawanyika sawasawa kama chumvi kwenye mchuzi; vinajikusanya kwenye mji mdogo wa barabarani, kwenye mgodi, kwenye mwalo. Tuseme wamepimwa 600 na ushamiri halisi ni asilimia 3: unategemea kupata watu 18, lakini kwa bahati ya kawaida tu unaweza kupata 10 au 26. Kura ikiangukia vijiji vya ndani na kukwepa mji wa barabarani, unapata wachache zaidi ya hapo, na hakuna mdadisi aliyekosea kitu. Kwa mantiki hiyo hiyo, kupanda kwa Njombe kutoka 11.4 hadi 12.7 ni tofauti ambayo sampuli ya mkoa inaweza kuizaa yenyewe bila chochote kubadilika mtaani. Na kama mwandishi anataka kukutisha, ataandika "ongezeko la asilimia 11", ambayo ni 1.3 gawanya kwa 11.4. Si uongo. Ni mapambo.

Mtego mwingine ni mipaka. Utafiti wa 2007-08 uliipa Iringa asilimia 15.7, ya juu kuliko mikoa yote. Wa 2011-12 ukaipa Iringa 9.1. Kuna waliopongezana. Kilichotokea ni kwamba Njombe ilikatwa kutoka Iringa na kuwa mkoa wake mwaka 2012, matokeo yakatolewa kwa mikoa miwili, na Njombe ikaondoka na 14.8. Songwe nayo ilitoka Mbeya mwaka 2016, kwa hiyo mstari wa "Mbeya" wa kabla na baada ya hapo si wa eneo moja. Ukichora mwenendo, ama unganisha wilaya za zamani upya, ama anza mstari mwaka mkoa ulipozaliwa.

Angalia na umri wa waliopimwa. Tafiti za 2003-04 hadi 2011-12 zilitangaza watu wa miaka 15 hadi 49. Za karibuni zinapima miaka 15 na kuendelea bila kukata kwenye 49. Wenye VVU siku hizi wanazeeka, mungu ashukuriwe, na wanaingia kwenye hesabu mpya wakiwa na miaka 55 na 60. Kuilinganisha 14.8 ya zamani na 12.7 ya sasa bila kusema hilo ni kupima kitambaa kwa dhiraa mbili tofauti.

Wapo wanaoukimbia utafiti na kushika rejesta za vituo: mwezi huu tumegundua wapya 140, mwezi uliopita 90, basi hali imechafuka. Rejesta ni muhimu, lakini "aliyegundulika upya" hajaambukizwa upya kwa lazima. Anaweza kuwa amekaa na VVU miaka 8 bila kujua. Kituo kikianza kuwafuata wenza wa wanaotumia dawa, wapya wataongezeka kwa sababu kazi imefanywa vizuri. Vitendanishi vikiisha wiki tatu, maambukizi "yatapungua". Halafu kuna wanaojua hali zao fika: ana faili CTC (kliniki ya tiba na matunzo) ya Mafinga, amehamia Makambako kikazi, hataki kueleza historia yake yote mbele ya muuguzi mgeni, anapimwa kama mtu mpya na kuandikwa mpya. Mji wenye wahamiaji wengi hujikuta na wapya wengi wa namna hiyo. Na anayekuja kupimwa mjini si lazima awe mkazi wa mjini.

Rejesta iliyo bora kwa swali letu ni ya kliniki ya wajawazito, kwa sababu kule karibu kila mama anapimwa, hajichagui mwenyewe. Usisome jumla. Tenga wajawazito wa mimba ya kwanza wenye miaka 15 hadi 24, toa waliokuja tayari wanajua hali zao uwaweke safu yao, kisha tazama miaka 5 mfululizo ya kituo kimoja au halmashauri moja. Hao hawajakaa muda mrefu kwenye mahusiano, kwa hiyo VVU walivyonavyo vimeingia karibuni. Kasoro yake ni kwamba hakuna mwanaume hata mmoja, na wasichana wanaotumia kondomu hawaonekani kabisa.

Namba za maambukizi mapya za ngazi ya chini unazoziona kwenye ripoti rasmi, Tanzania kwa halmashauri na Kenya kwa kaunti, nyingi hutoka kwenye modeli za kompyuta. Modeli inachukua utafiti wa kaya, matokeo ya wajawazito na idadi ya wanaotumia dawa kwa kila eneo, kisha inakadiria. Eneo lenye data chache huazima kwa majirani zake. Matokeo yake ni ramani laini, yenye rangi zinazofifia polepole, na ulaini huo umetengenezwa. Mwalo wenye moto mkali katikati ya wilaya tulivu hautaonekana. Na kama idadi ya wanaotumia dawa imehesabiwa mara mbili kwa sababu ya wale wa Mafinga na Makambako, kosa linapita moja kwa moja hadi kwenye makadirio.

Kenya inaonyesha vizuri jambo ambalo ramani za asilimia huficha. Utafiti wa kaya wa huko, KENPHIA, wa 2018 ulikuta ushamiri wa asilimia 4.9 kitaifa, lakini Homa Bay 19.6, Kisumu 17.5 na Siaya 15.3. Maambukizi mapya kitaifa yalikuwa asilimia 0.14 kwa mwaka, kama watu 36,000. Ukiuliza mtu mmoja mmoja yuko hatarini wapi zaidi, jibu linaelekea Nyanza, ziliko kaunti hizo tatu. Ukiuliza dawa kinga na kondomu zipelekwe nyingi wapi, jibu linaweza kuwa jijini. Kaunti yenye watu wazima 500,000 wasio na VVU na kiwango cha asilimia 0.4 inapata wapya 2,000. Jiji lenye 3,000,000 na kiwango cha asilimia 0.1 inapata 3,000. Hatari ya mtu mmoja jijini ni robo, na bado mzigo wa jiji ni mkubwa zaidi. Wanaogombana kuhusu mgao wa bajeti mara nyingi mmoja ameshika kiwango na mwingine ameshika idadi.

Kwa nini basi Nyanda za Juu Kusini na kandokando ya ziwa ndiko ushamiri umejikita, wakati Zanzibar haufiki asilimia 1? Tohara ni sehemu ya jibu. Pwani jando na dini vimewafanya wanaume karibu wote watahiriwe. Njombe, Iringa na Nyanza haikuwa desturi ya wengi. Majaribio matatu, Orange Farm Afrika Kusini, Kisumu na Rakai, yalionyesha kwamba tohara hupunguza hatari ya mwanaume kuambukizwa na mwanamke kwa kama asilimia 60. Huduma ya tohara ya kitabibu ilipofika Iringa na Njombe, wahudumu walijifunza haraka kwamba foleni hujaa Juni hadi Agosti: shule zimefungwa, kuna baridi, na watu wanaamini kidonda hupona upesi kwenye baridi. Bajeti ikichelewa hadi Septemba, msimu umepita. Lakini wengi wanaotahiriwa ni vijana wadogo, kwa hiyo faida yake kwenye ramani inaonekana baada ya miaka mingi, na kwa vijana kwanza.

Sehemu nyingine ni barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma na malori yanayolala Makambako na Mafinga, mashamba ya chai na misitu ya mbao inayovuta vibarua wasio na familia karibu, vilabu vya ulanzi, pombe ya mianzi, msimu wa mvua. Ziwani ni uvuvi wa kuhamahama na ile biashara ambayo upande wa Kenya huitwa jaboya, mchuuzi mwanamke hapati samaki bila kulala na mvuvi. Dar es Salaam ina barabara, ina wahamiaji, na ina wanaume waliotahiriwa, hivyo hakuna sababu moja inayotosha. Anayekuambia ni ulanzi tu ana ugomvi wake na Wabena na Wahehe, wenyeji wa Njombe na Iringa.

Kama una nafasi ya kuuliza namba moja tu kuhusu mkoa wako, usiulize ushamiri. Uliza wangapi kati ya watu wazima wote wana virusi ambavyo havijafubazwa, kwa sababu hao ndio wanaoweza kuambukiza; aliyefubaza hadi virusi visionekane kwenye kipimo haambukizi kwa kujamiiana. Unazidisha ushamiri kwa sehemu ambayo haijafubaza. Mkoa wenye ushamiri wa asilimia 12 ambao asilimia 85 wamefubaza: 12 mara 0.15, unabaki na 1.8 kwa kila watu wazima 100. Mkoa wenye ushamiri wa asilimia 5 ambao waliofubaza ni 60 tu: 5 mara 0.40, unabaki na 2.0. Kwenye ramani ya WhatsApp wa kwanza ni mwekundu na wa pili amepauka. Kwa msichana anayeanza mahusiano, wa pili ndiko kuna uwezekano mkubwa kidogo wa kukutana na mtu anayeweza kumwambukiza.

Kitaifa hesabu hiyo imekwenda hivi. Mwaka 2016-17 ushamiri ulikuwa 5.0 na waliofubaza asilimia 52, wakabaki 2.4 kwa kila watu wazima 100. Mwaka 2022-23 ushamiri ulikuwa 4.4 na waliofubaza 78, wakabaki kama 1.0. Maambukizi mapya nayo yalishuka, kutoka 72,000 hadi 60,000 kwa mwaka. Yameshuka kwa sehemu moja ya sita tu, wakati wanaoweza kuambukiza wamepungua kwa zaidi ya nusu. Makadirio yanayosimama juu ya watu wachache kama tulivyoona yana nafasi kubwa ya kuyumba, hilo ni moja. Lakini tazama na nani amebaki kwenye ile 1.0. Kati ya wenye VVU, wanaojua hali zao ni asilimia 82.7, kati ya wanaojua, 97.9 wako kwenye dawa. Kati ya walio kwenye dawa, 94.3 wamefubaza. Mlolongo unavuja kwenye hatua ya kwanza, kupima, na unavuja zaidi kwa wanaume: wanawake waliofubaza ni 80.9 kati ya 100, wanaume 72.2. Mwanamke hupimwa akienda kliniki ya wajawazito. Mwanaume wa Mufindi anayekata mbao hana kliniki inayomsubiri, na ushamiri wa mkoa wake, uwe 11 au 13, hautakuambia kama amepimwa.